Mafuriko ya Tana yanakaribiana, au sisi ndio tumeusogelea mto?

*“Mtaalamu, salaam. Mimi ni mkulima karibu na Garsen, kwenye delta ya mto Tana, Kenya. Marehemu baba alikuwa akituhesabia mafuriko makubwa ya maisha yake: ya 1961, halafu El Nino ya 1997. Katikati ni miaka 36. Mimi mwenyewe nikaona ya 2018, nyumba yetu ya udongo ikaanguka. Barazani tukaambiwa hayo ni mafuriko ya miaka mia, tujenge tu bila wasiwasi. Tukajenga. Mwisho wa 2023 maji yakarudi, na masika ya 2024 yakaja tena. Wengine wanasema ni KenGen, kampuni ya umeme, wanafungulia mabwawa, wengine ni mabadiliko ya tabianchi, wengine ni misitu ya huko juu imekatwa. Cha ajabu, mara nyingine maji yanatufikia na hapa kwetu hata mvua hakuna. Nina ekari tatu kando ya mto, migomba na miembe michache. Ndugu zangu wanataka safari hii tujenge kwa mawe. Je, mto umebadilika kweli? Nijenge au nihame?”*

Pole sana kwa nyumba, ndugu yangu. Umeuliza mambo mawili, nami nitaanza na la pili kwa sababu halihitaji kungoja wanasayansi wamalize kubishana. Nyumba ya kulala usiirudishe pale pale, hata kwa mawe. Shamba usiliache. Sababu zake ni ndefu kidogo, na ndani yake mna jibu la lile swali lako la kwanza. Mto umebadilika, ila si kwa namna mnayobishania barazani.

Tuanze na hesabu ya mzee. 1961 na 1997 ni miaka sahihi kabisa. Mvua za mwisho wa 1961 zilikuwa kubwa kiasi kwamba hata Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache iliyofuata. Lakini kati ya miaka hiyo miwili Tana haikulala. Kabla ya mabwawa, mto huu ulikuwa ukitoka kingoni karibu kila mwaka, na mara nyingi mara mbili: kwenye Mei kwa mvua za masika, na Novemba kwa vuli. Wapokomo, wakulima wa kingo za Tana, hawakuyaita maji hayo balaa. Ndiyo yaliyonywesha mabonde ya mpunga na kuleta udongo mpya, na mkulima aliyakosa kwa huzuni pale yasipokuja. Mzee hakuyahesabu kwa sababu kwake hayakuwa mafuriko, yalikuwa msimu. Na hata baada ya 1997 umeruka kidogo: mwisho wa 2006 Tana ilifurika, na kuanzia vuli ya 2019 hadi masika ya 2020 vilevile. Kwa hiyo ukiandika miaka 36, halafu 21, halafu mitano, halafu miezi michache, utaona mfululizo wa kutisha, lakini umechanganya vitu viwili: balaa mbili alizozibakiza mtu mmoja kichwani, na kila maji uliyoyaona wewe juzi na jana. Mabadiliko yapo, ila hesabu hiyo siyo inayoyathibitisha.

Sasa hayo mafuriko ya miaka mia. Naomba hili lifike barazani, maana limeshawaharibia watu nyumba nyingi. Halina maana kwamba maji yakishapita mna likizo ya miaka 99. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja katika mia ya maji kufika kiwango kile au kukizidi. Chukua mfuko wenye kunde mia, moja nyekundu. Kila mwaka unachota moja bila kutazama, unaitazama, unairudisha mfukoni. Kuchota ile nyekundu mwaka huu hakuizuii kutoka mwakani. Ukipiga hesabu kwa miaka 30 tu ya nyumba ya mawe, nafasi ya kupatwa na mafuriko hayo angalau mara moja ni asilimia 26. Na kama sehemu yako iko chini kiasi cha kufikiwa na mafuriko ya nafasi moja kwa 20, nafasi hiyo inapanda hadi karibu asilimia 79. Hapo huchezi tena na bahati, unangoja tarehe.

Kuna jambo la pili ambalo husahaulika hata na wahandisi. Namba hiyo ya miaka mia hupatikana kwa kuchukua vipimo vya zamani na kudhani kwamba mto uliotoa vipimo hivyo ndio huu wa leo. Tana ya leo si ile. Kindaruma ilianza kazi 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa matano katika miaka ishirini. Kumbukumbu za kituo cha kupimia maji cha Garissa, mji ulio juu yenu kwenye mto huu, ambazo zinarudi nyuma hadi kabla ya uhuru, kwa kweli ni kumbukumbu za mito miwili tofauti iliyopewa jina moja. Mzee wako aliishi kwenye ule wa kwanza. Wewe umejenga kwenye wa pili.

Kabla sijaingia kwenye mabwawa, nikujibu lile la maji kuja bila mvua, kwa sababu ndilo ufunguo. Garsen haipati mvua ya kuijaza Tana. Maji yenu yananyesha Nyandarua na Mlima Kenya, huko Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi na Meru, kisha yanateremka siku kadhaa mpaka kwenu. Toka Garissa kwenda chini mto hauongezeki tena kwa kawaida, bali unapungua, kwa kuwa maji yanamwagika kwenye tambarare na kuzama au kukauka. Laga, yaani mito mikavu ya msimu, zinaweza kuongeza maji yake mvua ya huku chini ikiwa kubwa, lakini shina la mafuriko yenu liko juu. Ndiyo maana kilele cha maji kinachopita Garissa kwa kasi hufika Garsen kimepoa na kushuka kimo, lakini kimetandaa. Garissa maji yanakuja na kuondoka; kwenu yanakaa wiki, mara nyingine miezi. Mtu anayetazama mbingu ya Garsen ili ajue kama atafurikiwa anatazama mahali pasipo na habari.

Na mvua ya saa moja, hata iwe ya kuvunja mapaa, haisumbui mto mkubwa kiasi hiki. Hiyo hujaza laga na mitaro ya mjini. Kinachoijaza Tana ni wiki tatu nne za mvua mfululizo milimani, ardhi ikishashiba, kila tone linalofuata likaenda moja kwa moja mtoni. Watu husikia kwamba mvua kali zimeongezeka wakadhani mafuriko ya mto lazima yaongezeke kwa kiwango hicho hicho. Si lazima. Mvua kali ikikuta udongo mkavu baada ya kiangazi kirefu, sehemu kubwa inamezwa. Mvua ya wastani ikikuta udongo umejaa, mto unatoka kingoni. Wakati mwingine hali ya ardhi kabla ya mvua huamua mengi kuliko mvua yenyewe.

Haya, KenGen. Nitasema kinachowatetea na kisichowatetea. Bwawa haliumbi maji. Masinga ilijengwa kubeba karibu mita za ujazo milioni 1,560. Tuchukue hesabu tupu ya mfano: kama mto unaingiza mita za ujazo 500 kwa sekunde zaidi ya zinazotoka, hiyo ni milioni 43 kwa siku. Masinga ikiwa nusu tupu inaweza kumeza ziada hiyo kwa siku 18 hivi. Ninyi huku chini hamtajua kama kulikuwa na mafuriko. Lakini ikiwa imeshajaa, siku ya kwanza tu kinachoingia ni lazima kitoke, kwa sababu maji yakipita juu ya tuta la bwawa linaweza kubomoka, na hapo hatutazungumza tena habari ya nyumba yako. Kwa hiyo pale mnaposema “wamefungulia”, mara nyingi bwawa limejaa na linapitisha kile kile ambacho mngekipata kama lisingekuwepo, huenda kikiwa kimepunguzwa makali kidogo. Na kumbuka mito ya Mutonga na Kathita, inayotoka Mlima Kenya na Meru, inaingia Tana chini ya Kiambere. Hiyo hakuna bwawa linaloishika. Hata KenGen wakifunga kila kitu, maji ya Meru yatawafikia.

Kisichowatetea ni hiki: bwawa la umeme na bwawa la kuzuia mafuriko yanataka mambo mawili yanayogombana. La umeme linataka kujaa, maana maji ni fedha. La mafuriko linataka kuwa na nafasi tupu kabla mvua haijaja. Hayo mabwawa matano, yanayoitwa Seven Forks, yalijengwa kwa umeme kwanza, na yanaendeshwa hivyo. Tazama yaliyotokea: kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, mabwawa yakashuka. Vuli ya 2023 ikaja na El Nino na joto la magharibi ya Bahari ya Hindi, ikayapandisha sana. Masika ya 2024 yakakuta nafasi ndogo. Kama kungekuwa na kanuni ya kuacha nafasi fulani kabla ya Machi, makali yangepungua kiasi. Hilo ni jambo la kudai kwa sauti, kwa mbunge na kwa kaunti, na kulidai hakuhitaji kuamini kwamba kuna mtu anawafungulia maji kwa makusudi.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mabwawa yamepunguza mafuriko madogo na ya kati. Makubwa hayakuyapunguza sana. Watafiti waliolinganisha vipimo vya Garissa vya kabla na baada ya Masinga walikuta vilele vya Mei vimeshuka na maji ya miezi ya kiangazi yameongezeka, yaani mto umesawazishwa. Yale maji ya kila mwaka yaliyokuwa yakiwakumbusha watu mpaka wa mto yameadimika. Mpunga wa mabondeni umekosa maji, na wakati huo huo ardhi iliyokuwa ikilowa kila Novemba imeonekana kavu miaka mingi mfululizo. Watu wakaisogelea. Mashamba yakasogea, nyumba zikafuata, hata shule na zahanati. Kisha mwaka mabwawa yamejaa na milima imenyeshewa mwezi mzima, mto unarudi kwenye nafasi yake ya zamani na kukuta kijiji. Mafuriko yale yale ya 1961 yakija leo yatabomoa zaidi, hata kama hayajazidi kimo kwa inchi moja.

Na mvua je, zimebadilika? Hapa kuna habari imara na habari za kubishaniwa. Imara ni kwamba hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja hubeba mvuke karibu asilimia 7 zaidi, kwa hiyo mvua kubwa ikiamua kunyesha ina malighafi zaidi. Imara pia ni kwamba vuli yetu inatawaliwa na Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi wa bahari, huu wetu, ukiwa na joto kuliko ule wa Indonesia, vuli hulipuka. Ndivyo ilivyokuwa 1961, ambapo hata El Nino haikuwepo. Ndivyo ilivyokuwa 1997 na 2019. Uchunguzi wa World Weather Attribution, kundi la wanasayansi wanaopima mchango wa tabianchi kwenye majanga, kuhusu vuli ya 2023 ulisema ongezeko la joto la dunia liliifanya mvua ile kuwa kubwa hadi mara mbili. Kwa hiyo ukiniuliza msimu gani wa kuogopa zaidi kwa miaka ijayo, nitakwambia Oktoba hadi Desemba.

Masika ni habari nyingine. Toka miaka ya 1980 hadi karibu 2010 masika ya Afrika Mashariki yalikuwa yakipungua, huku kompyuta za kutabiri hali ya hewa zikisema yataongezeka. Ugomvi huo kati ya vipimo na utabiri haujaisha hadi leo, ingawa miaka ya karibuni masika makubwa yamerejea, ya 2018 na 2024 yakiwemo. Kundi lile lile lilipochunguza masika ya 2024 lilikuta mchango wa ongezeko la joto ni mdogo, kama asilimia 5, tena kwa mashaka makubwa. Anayekwambia kila tone la 2024 ni tabianchi anatia chumvi. Anayekwambia tabianchi haihusiki naye amefumba macho kuhusu vuli.

Utauliza kwa nini tusiutazame mto wenyewe utuambie. Tunautazama, ila una kaida zake za kutudanganya. Mvua za mwaka mmoja na mwingine zinapishana sana, hivyo mwelekeo mdogo wa muda mrefu unafunikwa na kelele. Mwaka wa kuanzia hesabu unaamua jibu: ukianza 1961 utaona mto unapungua, ukianza 1984, mwaka wa ukame mkali, utaona unaongezeka, na wote wawili mtakuwa mmetumia namba za kweli. Vipimo vina mapengo, na mara nyingi pengo linaangukia pale pale tulipohitaji namba, maana mafuriko makubwa hubeba hata kile kipimio. Halafu kuna mchanga. Tana inapita juu ya mchanga na tope lake yenyewe, sakafu yake inapanda na kushuka. Mita tano za kina mwaka huu zinaweza kuwa maji machache kuliko mita tano za miaka ishirini iliyopita. Kwa hiyo mtu akikwambia redioni kwamba mto umevunja rekodi, muulize ni rekodi ya kimo au ya wingi wa maji. Kwa ukuta wako kimo ndicho muhimu. Kwa kujua kama mvua zimebadilika, wingi ndio unaosema.

Misitu: ndiyo, kukata miti na kulima miteremko bila matuta kunaharakisha maji na kunajaza tope, na Masinga imepata tope jingi kuliko wajenzi walivyotarajia. Ila athari hiyo ni kubwa kwa mafuriko madogo. Baada ya wiki tatu za mvua hata ardhi ya msituni imeshiba. Pandeni miti, kazi njema, lakini isiwe sababu ya mtu kujenga mtoni.

Turudi kwenye ekari zako tatu. Nyumba ya mawe ina faida moja ya kweli: haiyeyuki. Lakini kwenu maji yanakaa. Nyumba itasimama, choo kitajaa na kumwagika, kisima kitachafuka, nyoka na mamba watakuwa majirani, na mgonjwa atahitaji mashua. Tena usitazame mafuriko peke yake, tazama uko upande gani wa kona ya mto. Tana inapinda sana, na ukingo wa nje wa kila kona huliwa mwaka hadi mwaka, hata miaka isiyo na mafuriko. Mto huu huhama: karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, na baadaye Tana ikaugeuza kuwa njia yake ya kwenda Kipini. Nyumba ya mawe kwenye ukingo wa nje ni fedha zilizoazimwa kwa mto. Kanuni za maji nazo zinatenga ukanda wa mita 6 hadi 30 toka ukingoni, na sehemu ya ujenzi wako inaweza kuwa ndani yake.

Ningekuwa wewe ningejenga nyumba ya familia kwenye ardhi ya juu, hata kama ni mwendo wa nusu saa, na shambani nikaacha kibanda cha nguzo ndefu cha kulindia mazao, kisicho na kitu cha kulilia. Najua kuhama si jambo la siku moja. Ardhi ya juu ina wenyewe, malisho ya wafugaji wa Waorma hayachezewi, na makaburi ya wazee hayahamishwi. Kama hakuna njia ila kubaki, basi inua msingi juu ya alama ya maji ya juu zaidi uliyoiona, uache na nafasi, na choo kiinuliwe pia. Watu huinua nyumba wakasahau choo. Ila jua umenunua muda tu.

Shamba ni tofauti. Migomba hufa maji yakisimama wiki kadhaa, kwa hiyo iweke kwenye ukingo ulioinuka peke yake. Miembe mikubwa huvumilia zaidi, miche haivumilii. Mabondeni rudisha mpunga, kama wazee walivyofanya: miembe na migomba kingoni, mpunga bondeni. Na usipange kwa mafuriko peke yake, maana misimu mitano mikavu ilishapita kabla ya 2023, na kiangazi kikali maji ya chumvi hupanda delta.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kukusaidia. Kabla ya kununua hata tofali moja, muombe mpima ardhi wa kaunti apime kimo cha viwanja vyote viwili, kile cha zamani na unachofikiria kuhamia. Tofauti ya mita moja huwezi kuiona kwa macho kwenye tambarare kama yenu, na ndiyo inayoamua. Nenda pia ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya eneo lako uulize mpaka wa mto unapita wapi kwenye ardhi yako. Ukuta uliosimama kwenye maji ukaonyesha nyufa pana, asilale mtu ndani mpaka fundi mwenye ujuzi auone. Kuharisha kukianza kijijini maji yakiwa bado yamesimama, usingoje, zahanati siku hiyo hiyo, maana kipindupindu hakisubiri kesho.

Na msimu wa mvua uwe na mtu mmoja Garissa wa kukupigia simu. Idara ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa msimu, KenGen hutangaza Masinga inapokaribia kujaa, lakini anayeuona mto pale darajani leo anakupa siku kadhaa za kuhamisha mbuzi, mbegu na wazee. Kabla ya vuli ijayo, tafuta alama ya tope ya 2024 kwenye ukuta wowote uliobaki, au kwenye shina la mwembe, uigongee msumari na kuandika mwaka. Mpima ardhi akija, muonyeshe huo msumari kwanza.